Mũndũ Asibaki mnd

Kwa Kikamba, neno mũndũ lina herufi tano, na maana yake ni mtu. Nililikuta limebaki mnd kwenye skrini ya saiba moja ya Mumbuni, pembeni mwa mji wa Machakos. Mistari michache juu yake palikuwa na msy, ambalo ni mũsyĩ, nyumbani. Jina la lugha yenyewe, Kĩkamba, lilikuwa limegeuka Kkamba. Zilikuwa kurasa 24 za simulizi za kina susu, yaani kina nyanya, kuhusu mwethya, ile kazi ya pamoja iliyochimba matuta kwenye miteremko ya Machakos, na zote zilikuwa zimepoteza irabu mbili kati ya saba za lugha hiyo.

"Mwalimu, sasa ni safi," akaniambia kijana aliyezishughulikia. Hakuwa akinidanganya. Alikuwa amepewa faili ya PDF, akaitoa maandishi kwa amri ya pdftotext, kisha akakaa siku mbili akisahihisha makosa kwa mkono. Mwishowe mtambo wa kupanga kurasa ukakataa kuipokea faili, ukilalamika kwamba ina herufi zisizojulikana. Akatafuta dawa, akapata amri fupi ambayo maelfu ya watu duniani wameitumia:

tr -cd '\11\12\15\40-\176'

Akaipitisha faili humo, akaandika matokeo juu ya kazi yake ya siku mbili, na mtambo ukaipokea bila kunung'unika. Tulipoitoa PDF upya na kuichunguza, tuligundua kwamba herufi zilizokuwa zikikataliwa zilikuwa 24 tu, moja mwishoni mwa kila ukurasa. Ili kuziondoa hizo 24, zilikuwa zimeondoka irabu elfu kadhaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia suala hili la kusafisha maandishi kwa mstari wa amri. Watu hulichukulia kama kazi ya fundi, jambo la kunakili amri na kubonyeza Enter. Mimi naona ni kazi ya mhariri, kwa sababu anayesafisha anaamua kipi ni lugha na kipi si lugha. Akiwa hajui anachoamua, amri inaamua kwa niaba yake, na amri nyingi tunazozitumia ziliandikwa na watu ambao lugha yao inatosheka na herufi 26 bila alama yoyote juu.

Tuanze na hizo zinazoitwa taka. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha ya misimbo iitwayo ASCII, yenye nafasi 128. Nafasi 95 ni za herufi, tarakimu, alama na nafasi tupu. Zilizobaki 33, yaani 0 hadi 31 pamoja na 127, hazikukusudiwa kusomwa na mtu. Zilikuwa maagizo kwa mashine ya kuchapa iliyounganishwa na waya, na nitaziita herufi za amri. Namba 7 ilipiga kengele ili opereta aamke. Namba 8 ilirudisha kichwa cha kuchapia hatua moja nyuma. Namba 10 ilisukuma karatasi juu mstari mmoja, 12 ikaleta ukurasa mpya, 13 ikarudisha kichwa ukingoni kushoto. Namba 27, iitwayo ESC, iliiambia mashine kwamba kinachofuata ni maagizo, isikichape.

Ninayoipenda zaidi ni 127. Siku hizo maandishi yalihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi, na kila herufi ilikuwa mpangilio wa matundu. Opereta akikosea, tundu lililokwisha kutobolewa halizibiki. Basi alirudisha utepe nyuma na kutoboa matundu yote saba juu ya kosa lake, na kwa hesabu ya kompyuta matundu saba yote ni 127. Mashine ilipoikuta hiyo ilijua kwamba hapo palikuwa na kosa, ikapita. Kufuta kulikuwa kuongeza matundu.

Hayo si ya makumbusho. Ingia duka lolote la Machakos lenye printa ndogo ya risiti. Kabla jina la duka halijachapwa, kompyuta hutuma 27 ikifuatiwa na alama ya @, na printa inajirudisha katika hali yake ya mwanzo. Baada ya jumla kuchapwa hutumwa 29 ikifuatiwa na herufi V, na kisu kinakata karatasi. Anayezifuta herufi hizo kwa kuziona uchafu atapata risiti ndefu isiyokatika. Herufi ya amri huwa taka pale tu inapofika mahali ambapo hakuna mashine ya kuitii: ndani ya barua, ndani ya jedwali la wanachama wa chama, ndani ya simulizi za kina susu. Zile 24 zetu zilikuwa namba 12. PDF ina kurasa, pdftotext ikaheshimu kurasa hizo kwa kuweka agizo la ukurasa mpya, na agizo likasafiri hadi pasipokuwa na wa kulitekeleza. Halikustahili hata kufutwa. Lilistahili kugeuzwa kuwa mstari mpya, jambo ambalo tr ileile hulifanya kwa urahisi:

tr '\014' '\012'

Namba hapo zimeandikwa kwa hesabu ya nane, ndiyo maana 12 inaonekana kama 014. Kijana wa saiba angeandika hivyo, siku zake mbili zingepona.

Kati ya herufi zote za amri, iliyo na historia nzito zaidi kwetu ni namba 8, ya kurudi nyuma. Aliyewahi kukaa karibu na wapiga chapa wa mashine za zamani anaijua kazi yake. Kupigia neno mstari, unaliandika, unarudi nyuma, unachapa kistari chini ya kila herufi. Kukoleza neno, unarudi nyuma na kulichapa tena juu ya lenyewe. Watengenezaji wa Unix huko Bell Labs, Marekani, walifanya vivyo hivyo kwenye kurasa za mwongozo wao, ambao toleo la kwanza lilitoka Novemba 1971. Herufi N iliyokolezwa ilitumwa kama N, rudi nyuma, N. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye faili ilikuwa vurugu.

Ya kuituliza vurugu hiyo ni col, amri iliyoonekana katika toleo la sita la Unix mwaka 1975. Ukiiita kwa kiambatisho cha -b, husoma mistari kama vile yenyewe ndiyo karatasi: inafuatilia kichwa cha kuchapia kikienda mbele na kurudi nyuma, na mwisho wa mstari inatoa herufi ya mwisho tu iliyoangukia kila nafasi. Mpaka leo, anayetaka mwongozo wa amri fulani katika faili safi anaweza kuandika

man ls | col -b > mwongozo.txt

na kimstari cha wima katikati ndicho kinachopitisha matokeo ya amri ya kwanza hadi ya pili. Wengi huitumia pia baada ya script, amri inayorekodi kila kinachopita kwenye dirisha la amri. Rekodi hiyo ikifunguliwa mbichi inatisha. Ulipoandika neno vibaya ukalifuta, neno halikuondoka. Limo, likifuatiwa na rudi nyuma kwa kila herufi uliyofuta. Ni utepe ule wa matundu saba umerudi kwa sura nyingine. Mtu anayetuma rekodi ya script kwa wenzake bila kuisafisha anawatumia pamoja nayo kila alichokianza akaghairi, na hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kujifunza col.

Sasa turudi kwenye ũ. ASCII haikuwa na nafasi ya herufi yenye alama juu. Suluhisho lililokubaliwa katika toleo lake la 1967 lilikuwa namba 8 hiyohiyo: chapa u, rudi nyuma, chapa ~ juu yake. Kile kiwimbi kilichomo kwenye kibodi ya kila kompyuta, ambacho leo tunakijua kama alama ya programu, kilikubaliwa kiwe pia alama ya kupandishwa juu ya herufi nyingine. Kwa maneno mengine, palikuwa na wakati ambapo njia rasmi ya kuandika mũndũ kwenye kompyuta ilipitia kwenye herufi ya amri. Na ukiyapitisha maandishi ya namna hiyo kwenye col -b utaona ajabu yake. Amri hiyo hubakiza cha mwisho kuangukia nafasi, kwa hiyo u inaondoka na kiwimbi kinabaki: m~nd~. Kama mwandishi alitanguliza kiwimbi kisha u, kinabaki mundu, na kiwimbi ndicho kinachopotea. Amri ileile, maandishi ambayo kwenye karatasi yangeonekana sawasawa kabisa, matokeo mawili tofauti, na yote mawili si Kikamba.

Kwa nini kiwimbi kinapiganiwa hivi? Kikamba kina irabu saba, na alfabeti tuliyorithi ina herufi tano za irabu. Ĩ na ũ ni irabu kamili zenye sauti zao, si i na u zilizorembwa. Ndivyo ilivyo pia katika Kikuyu, Kiembu na Kimeru. Katika sensa ya 2019, watu 4,663,910 walihesabiwa kuwa Wakamba nchini Kenya. Ni kweli kwamba majina yetu kwenye vitambulisho yamezoea kuandikwa bila viwimbi, na hatujazuiwa kuyasoma. Lakini jina unalijua kabla hujalisoma. Simulizi hulijui. Msomaji wa kurasa 24 za mambo ya zamani anahitaji kila irabu. Aliyekuwa mwandishi wetu mkubwa kuliko wote, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa gereza la Kamiti mwaka 1978. Karatasi zile zilimbebea viwimbi vyake vyote. Jina lake likipitishwa kwenye ile amri ya tr, linatoka Ngg.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani ninawatetea wasiosafisha. Kuna herufi za amri ambazo ni hatari kuziacha. Tangu miaka ya 1970, hasa baada ya skrini ya VT100 ya mwaka 1978 kuenea, ESC imekuwa mlango wa maagizo marefu: badili rangi, sogeza kielekezi, futa mstari, badili jina la dirisha. Programu nyingi za leo hutumia hayo kupaka matokeo rangi nyekundu au kijani. Yakihifadhiwa kwenye faili yanaonekana kama [31m na [0m yaliyotapakaa kila mahali. Hilo ni usumbufu tu. Hatari ni pale mtu mwenye nia mbaya anapoyaingiza kwa makusudi, tuseme kwenye sehemu ya jina katika fomu ya mtandaoni. Msimamizi anapoifungua kumbukumbu kwa cat, skrini yake inatii: mistari fulani inafutwa mbele ya macho yake, au inaandikwa juu yake mingine, naye anaamini ameisoma kumbukumbu yote. Faili yoyote iliyopokea maneno kutoka kwa watu usiowajua isifunguliwe kwa cat kavu. cat -v inaonyesha kila herufi ya amri kwa alama inayosomeka, na ESC inakuwa ^[.

Hapa wengi hukosea mpangilio. Wanafuta herufi zote za amri kwanza, ESC inaondoka, na mkia wake, ile [31m, unabaki kwa sababu umeundwa na herufi za kawaida. Baada ya hapo hakuna njia ya uhakika ya kuutambua. Agizo zima liondolewe kwanza, kichwa na mkia pamoja:

sed 's/\x1b\[[0-9;?]*[a-zA-Z]//g'

ndipo zifuatwe herufi mojamoja zilizosalia. Hiyo ni kwa sed ya Linux. Ile ya kompyuta za Apple huenda isielewe \x1b ikiandikwa hivyo. Wala col -b haitoshi kwa kazi hii, kwani ni ya zama za karatasi, na lugha ya rangi haikukusudiwa kuijua.

Namba 13 nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayowasumbua watu wengi zaidi. Mashine za zamani zilihitaji maagizo mawili kumaliza mstari, kurudisha kichwa na kusukuma karatasi. Windows ilirithi yote mawili, Unix ikachukua la pili tu. Jedwali likitoka Windows kwenda Linux, kila mstari unakuja na 13 mkiani. Mweka hazina wa chama anashangaa kwa nini Mutua anatokea mara mbili, mara moja akiwa amelipa na mara nyingine hajalipa, na majina hayo mawili yanafanana kwa kila hali mbele ya macho. dos2unix inaliondoa tatizo hilo, na hapo kufuta ndiyo dawa halisi.

Sasa tufike kwenye kiini. Amri ya tr ina namna mbili za kuitumia, na tofauti yake ni herufi moja, c. Ukiandika -d unataja kinachotoka. Ukiandika -cd unataja kinachobaki, na kila usichokitaja kinatupwa. Kijana wetu alitumia ya pili: alitaja kichupo, mstari mpya, kurudi ukingoni, na herufi 32 hadi 126. Duniani hakukuwa na kingine kwa mujibu wa orodha hiyo. Angetumia ya kwanza angeandika hivi:

tr -d '\000-\010\013\014\016-\037\177'

na hapo zingeondoka herufi za amri peke yake, ukiacha kichupo na miisho ya mistari, bila kuigusa ũ hata moja. Hilo si bahati. Lilipangwa Septemba 1992 na Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, pamoja na Rob Pike, walipobuni UTF-8, mfumo unaobeba karibu maandishi yote ya intaneti leo. Katika mfumo huo kila herufi iliyo nje ya ASCII huandikwa kwa baiti mbili au zaidi, na hakuna hata moja kati ya baiti hizo iliyo chini ya 128. Herufi ndogo ũ ni 197 ikifuatiwa na 169. Herufi ndogo ĩ ni 196 ikifuatiwa na 169. Neno mũndũ lina herufi tano na baiti saba. Kwa hiyo anayefuta 0 hadi 31 na 127 hawezi kuigusa irabu yenye kiwimbi hata akitaka, na anayebakiza 32 hadi 126 tu hawezi kuikosa.

Wazee wa Machakos wangelielewa hili bila kompyuta. Tuta la fanya juu, jina ambalo wataalamu wa udongo duniani wamelichukua kwa Kiswahili chake, huchimbwa kwa kurusha udongo upande wa juu wa mtaro. Udongo unaoteremka na mvua unakwama hapo, na mwaka hadi mwaka mteremko unageuka ngazi. Anayelijenga anauliza kwanza ni nini kisichopaswa kuondoka shambani.

Lakini kutaja kinachotoka nako kuna mtego wake, na huu unawagusa Waswahili moja kwa moja. Baada ya ASCII, viwango vya baadaye viliongeza herufi nyingine 32 za amri, namba 128 hadi 159. Msafishaji makini husoma hilo akaziongeza kwenye orodha yake. Akitumia tr ya Linux, ambayo huhesabu baiti badala ya herufi, amejikata. Angalia neno ng'ombe. Ukiliandika kwenye Word, kile kidoto cha juu hujipinda chenyewe kiwe ’. Katika UTF-8 kidoto hicho kilichopinda ni baiti tatu: 226, 128, 153. Mbili za mwisho zimo ndani ya 128 hadi 159. Zinafutwa, 226 inabaki peke yake bila maana, na faili nzima inaweza kutangazwa kuwa imeharibika. Ikiwa faili ni ya zamani, iliyohifadhiwa kwa msimbo wa Windows wa nchi za Magharibi, kidoto hicho ni baiti moja, 146, ambayo kwa mujibu wa viwango hivyo ni herufi ya amri waziwazi. Inaondoka bila kelele na ng'ombe wote wanakuwa ngombe, ng'ambo inakuwa ngambo, kung'oa kunakuwa kungoa. Faili ya namna hiyo igeuzwe kwanza kwa iconv, kutoka WINDOWS-1252 kwenda UTF-8, ndipo mazungumzo ya usafi yaanze.

Kiwimbi nacho kinaweza kuja kimevunjwa vipande. Unicode inaruhusu ũ iandikwe kama herufi moja, au kama u ikifuatiwa na kiwimbi cha kupandishwa, ambacho ni baiti 204 na 131. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa msafishaji wa 128 hadi 159 tofauti ni kubwa, kwa sababu 131 imo ndani. Faili moja iliyoandikwa na watu wawili kwa vifaa viwili inaweza kuwa na mũndũ wa kwanza aliyepona na mũndũ wa pili aliyeharibika katika sentensi ileile. Amri ya uconv -x any-nfc huunganisha vipande hivyo viwe herufi moja, nayo itangulie kila kitu.

Kuna aina nyingine ya usafishaji, ambao haufanywi kwa kutojua. Unafanywa kwa sababu ya pesa. Arafa moja ya simu inabeba herufi 160, mradi zote zimo katika alfabeti ndogo ya GSM. Alfabeti hiyo ina ñ ya Kihispania na ü ya Kijerumani. Haina ũ wala ĩ. Ikitokea moja tu ndani ya ujumbe, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo mwingine na nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 unaowaambia wakulima wa Mumbuni tarehe ya kuchanja mifugo, kwa Kikamba kilichoandikwa inavyopaswa, unakuwa arafa tatu. Kwa anayetuma kwa maelfu, hiyo ni bei mara tatu kwa ajili ya irabu moja. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile ESC, namba 27, imo pia ndani ya alfabeti ya GSM, na kazi yake ni kufungua orodha ya pili ya alama. Katika orodha hiyo ~ ipo. Kiwimbi kikiwa peke yake kinapita kwa gharama ya nafasi mbili. Kikipanda juu ya u hakipiti.

Kiswahili hakijasalimika hapo. Kidoto kilichonyooka, ', kimo katika alfabeti ya GSM. Kilichopinda, ’, hakimo. Mtu anayeandaa tangazo kwenye Word na kulibandika kwenye mfumo wa kutuma arafa anaweza kulipia maradufu kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Hapa ninakubali usafishaji kwa moyo mweupe: nyoosha kidoto, neno linabaki vilevile, na pesa zinaokolewa. Kiwimbi hakina mbadala wa namna hiyo. Anayekiondoa ili kupunguza bei anajua anachofanya, na sitamlaumu mtumaji mwenye bajeti ndogo. Ninachomwomba ni kwamba aondoe kwenye nakala ya kutuma tu, na aziache i na u zibaki mahali pake, si pengo. Mundu anasomeka kwa taabu. Mnd hasomeki.

Watu wa usalama wa kompyuta watanipinga, na hoja yao ina nguvu. Wanasema ukitaja uchafu peke yake, uchafu usiouwaza utapita; ukitaja usafi peke yake, hakuna kitakachokupenya. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Cambridge walionyesha jinsi alama za Unicode zinazogeuza mwelekeo wa maandishi zinavyoweza kuficha maagizo mabaya ndani ya programu, macho ya mkaguzi yasione kitu. Alama hizo hazimo katika zile 33, na amri niliyoisifu hapo juu ingezipitisha zote. Kwa jina la mtumiaji, kwa namba ya akaunti, kwa chochote kitakachotekelezwa na mashine, nakubaliana nao: taja kinachobaki. Ila orodha ya kinachobaki iandikwe kwa kuangalia watu watakaoitumia. Fomu ya Machakos inayokubali a hadi z peke yake imekubali Kiingereza. Kuongeza ĩ, ũ, Ĩ, Ũ na vidoto viwili vya ng' ni kazi ya dakika moja kwa zana inayoelewa herufi badala ya baiti, na sharti lake ni kwamba mazingira ya kompyuta yawe yamewekwa kwenye UTF-8. Linux ina sw_KE.UTF-8, Kiswahili cha Kenya, tayari. Skripti nyingi huanza kwa LC_ALL=C ili ziende kasi, na mstari huo mmoja unaifanya sed ihesabu baiti kama tr.

Nilirudi Mumbuni juma lililofuata. PDF ilikuwepo, kwa hiyo irabu zilirudi. Masahihisho ya siku mbili hayakurudi, na tuliyafanya upya tukiwa wawili, mimi nikisoma na yeye akiandika. Safari hii aliacha faili ya kwanza kama ilivyo na kuandika matokeo kwenye faili ya pili. Kabla ya amri yoyote aliipitisha kwenye cat -v na kuangalia. Ukurasa mpya ulionekana kama ^L, ũ ikaonekana kama M-EM-), ĩ kama M-DM-), na baada ya nusu saa alikuwa akizitambua hizo mbili bila kuniuliza. Kisha akatengeneza faili ndogo ya mstari mmoja, ambayo sasa anaipitisha kwenye kila amri mpya kabla ya kuiamini na kazi ya mteja. Imeandikwa: mũndũ, mũsyĩ, Kĩkamba, ng'ombe, ng’ombe.